Mahali Alipolala Sista

Kabla ya kukubali kulala mahali, Sista alishuka garini, akafungua mlango wa nyuma, akaweka ndimu moja sakafuni karibu na godoro, kisha akaiachia. Ndimu ikibiringika, alirudi kwenye usukani, akasogeza gari hatua mbili tatu, akashuka tena. Siku moja nilimhesabia mara sita kwenye uwanja uleule, jua limeshazama, mbu wameanza kazi yao, na mimi tumbo linanguruma.

"Sista, hapa si sawa tu?" nilimuuliza.

"Kichwa kikilala chini kuliko miguu, Mama Kadzo, utaamka na kichwa cha mtu mwingine." Akaiweka ndimu mara ya saba.

Sista ndivyo tulivyomwita sote kule mtaani kwetu Chaani, Changamwe, kwa kuwa alikuwa nesi, na manesi wa umri wake huitwa hivyo hata wakishastaafu, hata wakiwa sokoni wananunua dagaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipohamia ploti ile ya vyumba vya kupanga, yeye alikuwa ameshaacha kazi, na ukuta mmoja tu ndio uliotenganisha chumba changu na chake. Ukuta ule ulinieleza mengi kabla yeye hajanieleza lolote. Nilimsikia akitembea. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akageuka, akarudi, kama mtu anayekagua vitanda. Alifanya zamu za usiku sehemu kubwa ya maisha yake, na zamu zilipokwisha, mwili wake haukuarifiwa.

Gari alilinunua mwaka wa pili wa kustaafu. Lilikuwa gari la kusambazia mikate, la kampuni ndogo iliyofunga mlango, refu kidogo, halina madirisha nyuma. Alilipaka rangi ya kijivu mwenyewe kwa brashi, amevaa leso na viatu vyake vya wodini. Jua la Changamwe likaila ile rangi taratibu, na maneno ya zamani yakarudi ubavuni: MKATE MOTO KILA ASUBUHI. Watu wa mtaa wakaliita Boflo, yaani mkate. Ndani ya Boflo mlikuwa na godoro, chandarua, stovu ya mafuta ya taa, madumu mawili ya maji, sepetu ya kuchimbia choo, na mfuko wenye kipimo cha presha, pamba, spiriti na plasta.

Kila baada ya wiki mbili au tatu alipotea. Alipita Mazeras, akakata kulia kuelekea Kaloleni na Bamba. Au alivuka feri ya Likoni akapanda Kwale hadi Kinango. Hakwenda kumtembelea mtu. Alikwenda kulala. Alitafuta mahali kando ya barabara ya vumbi ambapo mtu anaweza kulaza gari hadi asubuhi bila kufukuzwa, akalala hapo, na kesho yake akatafuta pengine.

"Kwa nini usilale nyumbani?" nilimuuliza tulipoanza kuzoeana.

"Nyumbani silali. Kule nalala kwa muda wa saa nne, wakati mwingine tano. Wewe ungechagua nini?"

Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alitaka mama arudi kijijini bara, akakae katika nyumba aliyoiacha marehemu mumewe. Sista alikuwa na jibu moja kwa jambo hilo: "Kule kuna nyumba na kuna kaburi. Vyote viwili vinaningoja. Acha vingoje."

Nilianza kufuatana naye likizo za shule, baada ya binti yangu kuolewa na chumba changu kuwa kimya kupita kiasi. Safari ya kwanza nilidhani tunakwenda kutazama mandhari. Tulipita bonde zuri ajabu, upande wa Shimba Hills, nyasi kijani, upepo mwanana, nikamwambia hapa ndipo. Hakupunguza hata mwendo.

"Mahali pa kulala pasiwe pazuri," alisema. "Pazuri kila mtu anapajua. Walevi wanapajua, wapenzi wanapajua, na ndovu naye anapajua. Tafuta mahali ambapo hakuna atakayesema twende pale tukapumzike."

Kwa hiyo tulilala kwenye viwanja vya mnada wa ng'ombe siku zisizo za mnada, ambako harufu ilituvaa mpaka nyweleni. Tulilala kwenye mashimo makavu ya udongo wa maramu yaliyoachwa na watengenezaji wa barabara, nyuma ya zahanati, kando ya makanisa ya mabati, na mara moja mbele ya ofisi ya chifu, chini ya tangazo la chanjo ya mbuzi. Hakulala penye mto mkavu hata mawingu yakiwa mbali kiasi gani. Hakulala karibu na bwawa la maji, kwa sababu wanyama huja kunywa. Na kila mara gari lilitazama barabara.

Kila mahali alipapa jina lake mwenyewe, wala hakuandika popote. Palikuwa na Pa Jogoo Kichaa. Palikuwa na Kwa Mama Mwenye Redio. Pengine aliita Samahani, kwa sababu mwenye shamba alisema neno hilo kila baada ya sentensi. Nikimuuliza tunaelekea wapi, alijibu, "Tutapita Samahani, halafu tuone."

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja: usilale mahali ambapo hakuna anayejua kwamba upo. Kabla giza halijaingia alitafuta nyumba iliyo karibu zaidi, akavua miwani, akaenda kwa miguu. Nakumbuka boma moja ng'ambo ya Kinango. Mzee alikuwa amekaa nje akisuka kamba.

"Hodi hapa wenyewe!"

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Ni msafiri, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

"Jua limeniishia njiani. Naomba kulala pale kwenye uwanja, na gari langu. Maji ninayo, chakula ninacho. Nimekuja tu mjue kwamba ni mimi."

Mzee alimtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama gari. "Na bwana yuko wapi?"

"Amelala."

"Garini?"

"Hapana, baba. Amelala moja kwa moja."

Mzee akaweka kamba chini, akampa pole ndefu, kisha akatuletea viti viwili. Sista alikaa pale akazungumza naye habari za mvua, za mahindi, za magoti ya mzee yaliyokuwa yakimuuma, kwa upole ambao sikuwahi kuuona Chaani.

Maana Chaani alikuwa mtu mgumu. Lazima niseme hivyo, nisije nikamchora malaika. Hakumkaribisha mtu ndani. Ukigonga mlango wake, alitoka nje akaufunga nyuma yake, ndipo akakuuliza una shida gani. Hakuazima chumvi wala hakuazimisha. Aligombana na ploti nzima kuhusu foleni ya maji, na mama mmoja wa vitumbua aliyeweka karai lake karibu na Boflo alisikia maneno ambayo nesi hapaswi kuyajua. Mwaka nilipougua malaria alinisikia ukutani nikitapika, akaja, akanichoma sindano, akafua shuka zangu, halafu akaondoka, na kesho yake akanipita uani kama hatujuani.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa mbali na mtaa, kwa nini anaweza kumwomba mtu asiyemjua mahali pa kulala lakini hawezi kumpa jirani kijiko. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukitikisika. Haukutulia kamwe mguu ule, hata kanisani.

"Huyu wa hapa kesho nitamuaga," alisema. "Jirani humuagi. Ukimfungulia leo, kesho lazima ufungue tena."

Asubuhi, pale tulipolala, alitoa kipimo cha presha. Hakutangaza. Alimpima mwenye boma, halafu mkewe, na kabla chai haijachemka wanawake walikuwa wameshaanza kuja wamejifunga leso, mikono wameinyoosha. Alisafisha vidonda. Aliwaambia wengine waende zahanati leo hii, si kesho, kwa sauti iliyowatia hofu. Mtu akisema "Basi umeshalipa kulala kwako hapa", Sista alikasirika. "Mimi silipi kitanda," alisema. "Ningekupima hata ungenifukuza."

Palikuwa na kijiji kimoja karibu na Bamba ambako tulipendwa kupita kiasi. Tulifika mara tatu. Mara ya tatu tulikuta wametufagilia uwanja, na mwenye shamba akamwambia Sista kwamba kipande kile, kutoka mkorosho hadi njiani, anaweza kukihesabu kuwa chake, ajenge hata kibanda. Sista alishukuru vizuri sana. Kesho yake aliniamsha kabla ya mapambazuko, tukaondoka bila chai.

Njia nzima aliendesha kwa hasira. "Wakishakutengea kiti chako, Mama Kadzo, ondoka."

"Lakini walikuwa wanakupenda."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

Hatukurudi tena Bamba. Nilimlaumu kwa hilo, na bado namlaumu.

Mara moja tu tulivunja ile kanuni ya kuomba, na kosa lilikuwa langu. Tulikuwa mbele ya Samburu, ile ya huku pwani, nimechoka, joto limenikausha, na nyumba ya karibu ilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba la mahindi yaliyokauka. Nilimwambia, "Leo tu, Sista. Tulale, alfajiri tunakwenda zetu." Akakubali. Nadhani naye alikuwa amechoka kuliko alivyosema.

Jua halijamaliza kuzama wakaja. Wanaume tisa au kumi, wengine na marungu, mmoja na panga. Siku zile palikuwa na uvumi wa gari linaloiba mbuzi, na wengine waliongeza kwamba linaiba na watoto. Gari letu halikuwa na madirisha. Wakalizunguka.

"Fungueni!" alisema yule wa panga.

Sista alifungua milango yote, wa mbele na wa nyuma, akashuka, akaenda mbele yao, kisha akaketi chini vumbini, miguu ameinyoosha, mama mzima wa umri ule. Nikaona mikono ya wale wanaume ikilegea kidogo. Ni vigumu kumpiga mtu aliyekwisha kukaa chini.

"Mna haki," alisema. "Tumekosea. Tungekuja kuomba kwanza. Angalieni ndani." Kisha akanigeukia mimi, bila kupandisha sauti: "Mama Kadzo, zungumza nao kwa lugha ya kwenu."

Mimi ni Mgiriama. Wale walikuwa Waduruma. Lugha zetu ni ndugu. Nikaanza kuwasalimu, nikataja ukoo wa baba yangu na wa mama yangu, nikaeleza sisi ni nani. Mmoja akaitikia. Wa pili akauliza swali. Walitazama godoro, wakatazama madumu, wakasoma ubavuni kwamba mkate ni moto kila asubuhi, na mmoja wao akacheka. Wakatusindikiza hadi kwa mzee wa kijiji tukalala uani kwake. Yule wa panga hakucheka wala hakuaga. Asubuhi tulimkuta amesimama barabarani, na alisimama pale mpaka vumbi letu likamficha.

Sista hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Yule ni mtu mzuri. Nina hakika ana watoto."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Alipima presha ya kila mtu ila yake. Nilishaona kikombe kikimtoka mkono wa kushoto, mara moja, halafu mara nyingine. Nilishamwona akisugua vidole vile kama mtu aliyelalia mkono. Nikisema, alinijibu kwa sauti ile ya wodini. Halafu siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Kaloleni, bado hatujafika Mazeras, na kando ya barabara wanawake wanne walikuwa wakitembea na madumu ya maji kichwani. Nikaona mkono wake wa kushoto ukiteleza kutoka kwenye usukani na kuanguka pajani, kama kitu kilichowekwa. Gari likavutwa kando. Nilipiga kelele. Wale wanawake waliruka mtaroni, madumu yakapasuka, na Boflo likasimama likiwa limeinama, gurudumu moja hewani.

Hakuna aliyeumia. Tuliwaomba radhi, tukawapa madumu yetu. Mmoja wao, msichana tu, alikuwa analia na hawezi kunyamaza.

"Nilisinzia," Sista aliniambia.

Lakini macho yake yalikuwa wazi. Niliyaona. "Twende hospitali, Sista. Leo."

"Nimekaa hospitali maisha yangu yote. Najua watakachosema."

Jioni ile, ndani ya chumba changu, nikizungumza kwa sauti ya chini kwa sababu ya ule ukuta, nilimpigia simu mwanawe Nakuru. Nilimweleza kila kitu. Jumapili iliyofuata alifika na dereva wakati mama yake yuko kanisani. Sista aliporudi, Biblia kwapani, alikuta mwanawe amekaa kibarazani na pale gari lilipozoea kusimama pana doa la oili tu. Walizungumza ndani, kwa lugha yao, muda mrefu. Sikusikia ugomvi. Nilisikia zile hatua, mlangoni hadi dirishani. Baadaye alitoka kuanika kitambaa, akanikuta uani.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilifungua kinywa. Akanitazama, akaona yote aliyohitaji kuona, akaanika kitambaa chake, akaingia ndani. Mwezi haukwisha akapelekwa bara.

Nilikaa na jambo hilo miaka miwili. Nilijiambia nimeokoa maisha ya watu, na ilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba ningeweza kuvuka hatua nne za uani nikamwambia usoni, na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa nakwenda matangani, mbele ya Ganze, ndani ya gari la kukodi pamoja na jamaa zangu. Tukasimama kwenye kituo kidogo, maduka matatu na zahanati, shangazi aombe choo. Nyuma ya zahanati, karibu na tangi la maji, palikuwa na hema dogo la buluu. Mbele yake mwanamke ameketi juu ya dumu, amebana muhogo katikati ya magoti, anaumenya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala pajani, hautumiki.

"Shikamoo, Sista," nilisema.

Aliinua uso. Alikuwa amekonda, na mdomo umekwenda upande kidogo.

"Marahaba, Mama Kadzo. Umenenepa."

Nilichutama mbele yake. Nilimuuliza amefikaje hapa. Akanieleza kwamba alipooza kule kijijini, miezi mitano hakutoka kitandani, kisha alipoweza kutembea alipanda basi. Sasa anasafiri kwa bodaboda, hema limefungwa nyuma, zahanati hadi zahanati, kwa sababu dawa zake anazimeza kila siku na anataka awe karibu na mtu wa kumpima. Mtoto amekasirika. Mtoto anafikiri mama yake ana wazimu.

"Ni mimi niliyempigia," nilisema.

"Najua ni wewe."

"Niliogopa utaua mtu, Sista. Au utakufa."

"Kuhusu gari ulikuwa sawa." Alikata kipande cha muhogo, akakitazama, akakitupa kwenye sufuria. "Yule msichana namwota hadi leo. Ningekuwa wewe, ningepiga simu vilevile. Lakini mimi ningemwambia mgonjwa kwanza. Wodini ndivyo tulivyofanya. Hata anayekufa, unamwambia kwanza."

"Nisamehe."

Aliendelea kumenya. Kule barabarani jamaa zangu walikuwa wakiniita, dereva anapiga honi, na mimi nilikuwa bado nimechutama na magoti yananiuma. Hatimaye aliniuliza, "Simu yako ni ileile?"

"Ni ileile."

Akaniambia namba yake mpya, polepole, mpaka nikaiandika sawasawa. "Mtoto atakupigia," alisema. "Anawapigia wote. Kesho naelekea Vitengeni, na keshokutwa sijui. Nenda, unachelewesha watu."

Mwanawe alipiga baada ya siku tisa. Shule zimeshafunguliwa, nilikuwa darasani nasahihisha madaftari. Aliniuliza kwa adabu kama nimesikia chochote kuhusu mama yake. Nikamwomba anipe dakika tano, nitampigia. Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la shule, nikaipiga ile namba. Ililia sana kabla ya kushikwa.

"Sista, mwanao ananiuliza uliko. Nimwambie nini?"

Nilisikia upepo ukivuma simuni, na mwanamke mwingine anacheka mbali, na kuku.

"Mwambie ukweli," alisema. "Nimerudi Vitengeni, nipo nyuma ya kanisa, nimekula, dawa nimemeza. Mwambie akija afike kabla ya jioni. Kesho sitakuwa hapa."